Ukurasa Niliomsomea Jirani

Mpendwa Baba,

Jumamosi hii nimepanda peke yangu hadi shambani kwako Rungwe, pale mahindi yanapoishia na msitu kuanza. Nilisimama mpakani nikapiga hodi kama ulivyonifundisha. "Tunaingia kwa watu," ulikuwa ukisema, na nikicheka unanigeukia: "Cheka tu, Tumaini. Hata kwetu mjini Ilomba, asiyepiga hodi ni mwizi."

Unakumbuka gogo letu? Tulikuwa tukikaa pale, ukungu ukipenya masweta, tukiwangoja kipunji, wale kima wa manyoya marefu wenye kishungi kichwani. Wewe ulitazama, mimi niliandika katika shajara yangu: tarehe, saa, wangapi, wameshukia wapi. Mtoto aliyebebwa ulinikataza kumwandika. "Huyo bado ni wa mama yake. Subiri atembee." Baadaye sana Mama aliniambia kwamba kabla yangu mlizika wawili, wote wakiwa bado wa mgongoni.

Baba, kuna jambo sikukuambia.

Nilikuwa kidato cha pili. Mzee Anyosisye, jirani yetu wa shamba, alikuwa ameliwa mahindi na kipunji mara mbili. Akanikuta njiani. "Mwalimu," akanitania, "hilo daftari linajua kima wanapita wapi, au ni pambo tu?" Nikaona fahari. Nikamfungulia ukurasa, nikamsomea: mti ulioangukia kijito, saa moja asubuhi.

Jumamosi iliyofuata tulimkuta jike amenaswa na waya kwenye mti uleule. Ulimfunika kwa koti lako, ukaukata waya kwa koleo. Alikuuma, hukumwachia mpaka waya ulipokatika. Akapanda juu, mkono wa kushoto ukining'inia.

Tukiwa njiani kurudi ulisema, "Ni mimi. Mdomo wangu huu, nikikaa kilabuni haufungiki." Nilikuwa nyuma yako hatua chache, shajara kwapani. Jioni niliandika: "Mvua. Hatukuona kitu."

Tangu siku ile hukukanyaga tena kilabuni. Rafiki zako walikuja kukuita, ukawajibu umechoka, hadi wakaacha kuja. Nilikuona ukikaa peke yako uani, mwaka baada ya mwaka, na bado nilinyamaza. Tumekuzika ukiamini kosa ni lako.

Halikuwa lako. Mzee Anyosisye nimemweleza ulivyojitwika kosa langu, na kesho nitawaeleza rafiki zako.

Leo walishuka saa mbili. Mmoja alikuwa jike mwenye mkono wa kushoto uliopinda, na mtoto amemng'ang'ania kifuani. Nilishusha kalamu. Kisha mtoto akajibandua, akatembea hatua nne juu ya tawi, akarudi mbio kwa mama yake.

Nimemwandika, Baba. Mahali waliposhukia nimepaacha wazi. Halafu nikafungua ukurasa ule wa zamani, nikakata mstari wa mvua, nikaandika yaliyotokea.

Pumzika sasa. Mzigo huu ulinibebea muda mrefu mno.

Binti yako,
Tumaini