Hereni za Kasa

Bombambili, Songea
Jumatano, 14 Agosti 2024

Mpendwa Tabu,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mguu wa mama yako, uliokuwa umevimba nilipoondoka, sasa umepona. Mimi mwili ni mzima. Nakula, nachota maji, namsaidia mama kazi za nyumbani. Ukiniona kwa mbali utasema Theo amenenepa.

Ni miezi mitatu sasa sijakupigia, na zile mara nne ulizopiga wewe niliitazama simu mpaka ikanyamaza. Najua unavyoishi hapo Naumbwa tangu jina la mjomba wako lionekane kwenye karatasi za mradi wetu wa kasa. Ndiyo sababu ya kuandika. Nakuomba uisome yote kabla hujaikunja.

Kwanza nikueleze nilivyoondoka. Nilikuambia mama yangu ni mgonjwa. Hakuwa mgonjwa. Nilimkuta uani anapura maharage, akatupa fimbo akanikimbilia, akauliza kama kasa wamekwisha baharini. Nikamwambia nimepewa likizo. Mpaka leo anaamini hivyo, na amewatangazia majirani kwamba mwanawe kazi yake ni kuwavalisha kasa hereni ili wataalamu wajue wanakokwenda. Huku kwetu wanalicheka sana jambo hilo. Jirani mmoja aliniuliza kama na kasa dume naye anatobolewa.

Neno hilo la hereni nilijifunza kwenu. Mradini tulisema vibati. Mvuvi akinasa kasa kwa bahati mbaya anatuita, tunampima gamba, tunambana kibati chenye namba kwenye kikono cha mbele, tunamwachia aende zake. Akipatikana tena, mahali popote, namba ile inatuambia alikotoka. Lakini kibati hakirudi chenyewe. Lazima mtu akilete, na mtu haleti kitu kwa wageni asiowaamini. Mkuu wetu, Dokta Anord, alipowaeleza wazee kwa Kiswahili chake cha ofisini walimtazama tu. Ukasimama wewe, ukawaambia kwa lugha ya nyumbani kwamba anayeleta hereni haulizwi kasa alikufaje, na jina lake haliandikwi popote. Mzee mmoja akauliza nani anadhamini maneno hayo. Ukasema, mimi, mtoto wenu.

Siku Mjomba Bakili alipoleta ile namba 0417 nadhani huwezi kuisahau. Alikuja mchana, kibati amekifunga kwenye kipande cha kanga, akakaa barazani kwenu akasema kasa wetu alikuwa na mafuta mazuri, ila inaonekana alitoka kwa mumewe bila ruhusa maana alikutwa amejipamba. Mama yako akamwambia anyamaze, mzee mzima hana haya. Tulicheka mpaka ukakaa chini. Tulipotafuta namba kwenye orodha tukakuta kasa yule alifungwa kibati Mafia, miaka mitano nyuma. Kilikuwa kibati cha kwanza kurudi kwa mwaka mzima. Wewe ulifurahi kwa sababu watu wako walikuwa wameanza kuamini. Mimi nilifurahi kwa sababu nyingine, nitaisema.

Wiki tano baadaye maofisa wa uvuvi walifika moja kwa moja kwa Mjomba, bila kuuliza njia. Walikuta gamba limegeuzwa nyuma ya jiko, kuku wanalinywea maji. Walikuwa na karatasi iliyopigwa chapa yenye majina yake matatu, siku, na maneno kwamba kasa alichinjwa kwa chakula. Alifungwa mwaka mmoja. Mtu wa miaka sitini na nane, Tabu.

Kisha ule mkutano darasani. Nimejaribu kuusahau, siwezi. Walitaka kujua nani aliyeandika. Ukasimama ukasema, mimi na Theo hatukuandika. Ulisema hivyo kwa sababu jana yake ulikuwa umeniuliza, nami nikakuapia. Mtu mmoja nyuma akasema, basi kasa ndiye aliyeandika, na darasa zima likacheka. Mwenyekiti akasema mgeni hawezi kujua jina la babu yake Bakili, na kwamba Dokta mwenyewe amemthibitishia kwa simu kuwa fomu ile ni ya kwako. Ulibaki umesimama. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yako, pindo la kanga yako linagusa mkono wangu. Nilitazama viatu vyangu. Kesho yake nikapanda basi.

Nilidhani umbali ungenisaidia. Lakini nyumba yetu ya uani imepangwa na mfanyabiashara wa Tunduru, anaitwa Abdulswamadu, analeta samaki wakavu kutoka pwani na kurudi na maharage. Ni mtu wa maneno. Mama hubishana naye kila anapofika, anamwambia dagaa wake ni mchanga uliotiwa chumvi, naye anamjibu kwamba huo mchanga wa bahari mama anapewa bure, ashukuru. Jumapili iliyopita alikula kwetu. Akaanza kutuhadithia kijiji kimoja kiitwacho Naumbwa, ambako binti aliyesomeshwa na ndugu amemwandika mjomba wake mwenyewe akafungwa, ili apandishwe cheo na watafiti. Akasema wanamwita Bi Fomu. Akifika kisimani wenzake wanasogeza ndoo, na mmoja lazima aulize kama leo ataandika waliochota. Akasema na mchumba wake, Muhsini, wazazi wamemkataza, wanasema hawawezi kuingiza karani ndani ya nyumba yenye siri zake.

Alikuwa anacheka. Mama hakucheka. Aliweka bakuli chini akasema huyo si mtoto, na aliyemzaa amepata kazi ya kulia mpaka kaburini. Halafu akanigeukia mimi, kama anavyonigeukia siku zote anapotaka mtu mwenye elimu amuunge mkono, akaniuliza, au siyo, mwanangu?

Nikasema, ndiyo, mama.

Nikaendelea kula. Tangu siku hiyo sijiwezi.

Tabu, niliandika mimi. Ile fomu uliyoijaza ilikuwa na namba, mahali na siku, basi, kama tulivyowaahidi watu. Chini yake palikuwa na mistari mitatu ya maelezo mengine, nawe uliiacha wazi makusudi. Uliponipa niipeleke ofisini, mistari ile ilinikera. Tangu shule mimi siwezi kuacha nafasi wazi kwenye karatasi. Naona kama mwalimu ataniuliza. Lakini nisijifiche kwenye tabia. Nilitaka Dokta aone kwamba kati ya fomu zote, nilizopeleka mimi ndizo zilizokamilika. Nilitaka anisifu. Na alinisifu kwa bunda zima, bila kuangalia mwandiko ni wa nani.

Kuhusu majina matatu, unajua nilivyoyapata? Nilimuuliza mama yako. Alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, nikakaa naye kama mtoto wa nyumbani, nikamuuliza Mjomba ni Bakili nani. Akanitajia kwa fahari, na la babu pia, na akanieleza babu huyo alivyokuwa mtu wa watu. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikaenda kwenye kile chumba mlichonipa, kuandika.

Bado kuna jambo moja, na hili ndilo lililonifanya nisipokee simu zako. Mjomba alipofungwa, Dokta alinipigia. Yeye alikuwa na ripoti tu, ile iliyochapwa ofisini kutoka kwenye fomu na kupelekwa kwa maofisa, fomu zenyewe zilikuwa kabatini. Akauliza kwa ukali nani aliyejaza maelezo yale. Ningeweza kusema sijui. Nikasema, Tabu ndiye aliyepokea kibati, fomu ni ya kwake. Aliyomthibitishia mwenyekiti yalikuwa maneno yangu mimi. Uliposimama darasani kunitetea, nilikuwa tayari nimeshakuuza siku mbili kabla.

Sijaandika kwenye simu kwa sababu ujumbe wa simu mtu anaweza kusema umetungwa. Huu ni mwandiko wangu. Jana nimempigia Dokta na kumwambia ukweli. Akasema ataitoa fomu kabatini na kuipeleka mwenyewe kwa mwenyekiti. Iwekeni pamoja na barua hii, mlinganishe. Mtu yeyote anayejua kusoma ataona mistari ile mitatu na barua hii ni mkono mmoja. Isome barua hii darasani palepale, na wazazi wa Muhsini waalikwe. Usiruke sehemu yoyote kwa kunionea huruma. Nakujua, utataka kuruka.

Kwa Mjomba sina ninachoweza kurudisha. Mwaka wake ataumaliza, na barua yangu haifungui mlango wowote. Nitakwenda kumwona kama atakubali kutoka kuniona.

Mama naye nimemwambia asubuhi hii, kabla sijaanza kuandika. Chai amejimiminia peke yake.

Abdulswamadu anaondoka kesho, nitampa barua hii ifike kabla yangu. Mimi nakata tiketi ya Jumamosi. Naitanguliza kusudi, ili nikifikiria kuteremka Tunduru na kurudi, nijue kwamba huko mmekwishasoma na hakuna tena cha kuficha.

Nisalimie wote wa nyumbani, isipokuwa mama yako. Kwake sijatuma salamu. Mwache asikie kwanza nilichofanya na maneno aliyonipa akikuna nazi. Halafu nitasimama mlangoni nimwambie shikamoo kwa mdomo wangu, na kuijibu au kutoijibu itakuwa juu yake.

Ni mimi niliyekukosea,
Theodosia