Mashini Nyeusi ya Yaya Hidaya

Jumapili, tarehe 6 Oktoba 2024

Yaya Hidaya, dada yangu mkubwa, amekubaliwa chuo kikuu, Kindu! Atasoma kilimo. Habari ilifika kwenye telefone ya Baba mchana, tulipokuwa tunapepeta mchele uani. Mama alifuta macho, akasema ni pumba zimemwingia.

Ataondoka Jumatano, tarehe 16, kwa pikipiki, siku mbili njiani. Wametuma orodha ya vitu vya kubeba. Godoro, sahani, ndoo. Na ordinateri, yaani kompyuta, ya kubebeka, ile ambayo hapa kila mtu anaiita mashini tu.

Baba aliisoma orodha mara mbili, kisha akaniangalia mimi. Ananiita Bibi kwa sababu nina jina la mama yake, Safia. Akasema: "Bibi, ni wewe ulipata kumi na nane juu ya makumi mbili mu enformatiki. Utachagua wewe."

Kumi na nane katika somo la kompyuta ni kweli. Nilifurahi sana siku ile.

Lakini shuleni kwetu hakuna mashini. Mwalimu Salomon huichora ubaoni kwa chaki za rangi: skrini, klavye, panya, na lile sanduku kubwa la kati. Mimi klavye niliichora kwa rula, herufi zote kwa mpangilio wake wa Kifaransa, unaoanza na A. Najua kazi ya kila sehemu. Sijawahi kugusa hata moja.

Sikusema. Nilijibu, "Ndiyo Baba."

Jumatatu, tarehe 7 Oktoba

Duka la Kamaldine, pamoja na Baba. Mashini kubwa, rangi ya fedha, inang'aa hata mtu akajiona. Nilitafuta lile sanduku la kati. Niliinama hadi chini ya meza! Kamaldine akauliza nimeangusha nini. Nikasema kalamu. Uongo wa kwanza.

Baadaye nikaelewa: sanduku liko ndani, chini ya klavye. Kila kitu kiko ndani. Mwalimu hakutuambia hivyo.

Kamaldine alisema familia nzima itatazama sinema humo. Nikamuuliza inakaa masaa mangapi bila umeme. Akacheka, akamwambia Baba kwamba leo ameletewa inspekta. Lakini aliichomoa kwenye waya. Tulinunua sukari, tukasalimiana na jirani, Baba akaongea habari za njia ya Kabambare — mashini ikazima. Kamaldine akasema betri haijazoea bado, na nyingine inaweza kutoka Bukavu.

Baba aliipenda hata hivyo. Njiani alisema inafanana na kitu cha mtu mwenye diploma.

Jumanne, tarehe 8 Oktoba

Nimemuuliza Chadrack, kwa sababu yeye ndiye atakayempeleka Yaya. Kwa kawaida pikipiki yake inafanya njia ya hapa Kasongo, Kabambare, Salamabila, na kurudi. Nilitaka kujua mashini hufia wapi safarini.

Alinielezea vizuri sana, huku anafunga cheni. Mwaka jana alimbeba mfanyabiashara mmoja wa Salamabila. Mashini yake kubwa ilifungwa nyuma, juu ya mizigo. Baada ya Wamaza njia ni mashimo matupu. Walipofika, kioo kilikuwa na ufa toka kona hadi kona, na kifuniko kimeachana na mwili pale kwenye bawaba. Yule bwana aliketi chini barabarani, hakutaka hata maji.

"Mashini, mutu anaibeba hapa kifuani, sawa mutoto," Chadrack alisema. "Kama haiingie kifuani, iache kwenu."

Kwa hiyo: iwe ndogo. Bawaba ngumu. Betri ya kweli. Nimeandika haya nyuma ya daftari la jiografia.

Jumatano, tarehe 9 Oktoba

Papa Grégoire ana mashini ya kuuza. Zamani alitunza depo ya shirika moja la misaada huko Kabambare. Shirika lilipofunga, wakamwachia. Nilikwenda na Mama.

Nyeusi. Nene kidogo, lakini fupi. Kona zimechubuka. Herufi A na E zimefutika kabisa kwa kuandikwa. Nilifungua na kufunga kifuniko mara nyingi — bawaba zinashika, hakuna kucheza. Mama Léontine, anayeuza maharage mlango wa pili, alituazima mizani. Kilo moja na nusu. Akaniuliza kama tunaipika na mafuta au bila mafuta.

Kisha Papa Grégoire akasema, iwashe basi. Akangoja. Niliangalia juu, chini, ubavuni. Masikio yalikuwa ya moto. Mama alikuwa bado anaongea na Mama Léontine, ashukuriwe Mungu.

"Mutoto wangu," Papa Grégoire akasema polepole, "hujagusaka hata moja?"

Nikatikisa kichwa. Hakucheka. Akaonyesha kwa kalamu: hapa, finya kidogo, acha.

Ikawaka.

Niliandika jina langu. S. Kisha A, ambayo haionekani tena — lakini nilijua mahali pake! Juu kushoto, mwanzo wa mstari. Niliichora kwa rula. Kidole kilikwenda chenyewe. Nimekaa nalifikiria jambo hili mchana wote.

Anasema betri inafanya masaa manne. Ametuachia mashini hadi Jumamosi asubuhi tuijaribu.

Alhamisi, tarehe 10 Oktoba

Baba haipendi. Anasema inafanana na betri ya lori. Anaogopa wenzake Yaya watamcheka huko Kindu. Mama alikuwa anasonga ugali. Akaifunga mashini kifuani kwa kitenge, akaendelea kusonga, akasema hii mtu anaweza hata kukimbia nayo. Baba akaiangalia pale kifuani. Halafu akaamua: ikifika masaa manne kwa kutumika kweli, tunaichukua. Isipofika, Jumamosi tunarudi kwa Kamaldine.

Yaya Hidaya alikuwa ananisuka. Nikamwambia ukweli wote, kwa sababu macho yake sikuyaona. Vidole vyake vilisimama kichwani mwangu. Nilidhani amekasirika. Kumbe anacheka bila sauti. Akasema yeye pia hajagusa, na yeye hata hiyo kumi na nane hakuipata. Kisha, kwa sauti nyingine: "Safia, ile kubwa usikubali. Betri ikikufa kule, mimi nitamwita nani?"

Baada ya sala ya alasiri Mwalimu Salomon alikuja kumpongeza Yaya, aliyekuwa mwanafunzi wake pia. Baba alifurahi, akamwekea mashini mbele ili aijaribu yeye, mtu wa fani. Mwalimu alipangusa mikono kwenye suruali. Akaisifu. Akataja kila sehemu, bila kosa hata moja, na faida yake. Mikono ilibaki magotini.

Mtu akabisha mlangoni, Baba akatoka. Mwalimu akainama kwangu kidogo.

"Safia, inawashwa wapi?"

Nikamwonyesha kwa kalamu. Hapa, finya kidogo, acha. Aliangalia sana, kama mimi nilivyokuwa naangalia ubao. Lakini hakufinya. Baba alikuwa anarudi.

Alipokwenda, Yaya alisema, bila kuniangalia: "Kesho ipeleke mu kalasi. Si Baba anataka masaa ine?"

Nikamwuliza kama haogopi watamharibia. Akasema kama haivumilii kalasi yetu, haitavumilia Chadrack.

Ijumaa, tarehe 11 Oktoba

Naandika darasani, orodha ya zamu iko gotini. Prefe, mkuu wa shule, amekubali kutupatia asubuhi nzima.

Tuko arobaini na nane. Bila mimi, arobaini na saba. Dakika tano kila mtu: masaa manne kasoro dakika tano. Tumeanza saa moja na nusu, betri imejaa. Kila mtu ananawa kwenye beseni kwanza, sababu ya chaki.

Plamedi anafinya kama anaua kunguni. Nimemwambia mara tatu. Grâce ameandika jina la mama yake, kisha akalisoma kimya hadi zamu ikaisha. Wengi wanauliza panya iko wapi. Nawaonyesha pale pa kupapasa. Hakuna aliyetafuta A! Hakuna hata mmoja. Wote wamechora klavye ile ile.

Saa nne. Asilimia thelathini na nne. Sijui kama ni nzuri. Somo la betri hatukulifanya.

Saa tano na robo. Asilimia tisa. Wamebaki wawili. Skrini imepunguza mwanga yenyewe — nilishtuka, lakini inaendelea.

Baba amefika. Amesimama dirishani na saa yake mkononi. Hanisalimii. Anaitazama ile betri ya lori yake.

Mwalimu amefuta ubao ambao leo haukuandikwa kitu. Sasa ananawa. Ananawa muda mrefu. Amekuja kusimama mwisho wa mstari, nyuma ya Pascaline. Mimi katika hesabu yangu sikumwekea nafasi. Zilibaki dakika tano tu, nikaziacha hivyo.

Saa tano na dakika ishirini na tano. Asilimia nne. Pascaline ameinuka. "Keti, Mwalimu."

Ameketi. Wote wamesimama kuona, hata Plamedi. Baba amesogea karibu na dirisha.

Ameandika S. Alichelewa kidogo kuipata. Asilimia tatu. Sasa ni A. Hatafuti. Kidole kimepanda moja kwa moja juu kushoto, mwanzo wa mstari, mahali ambapo hakuna alama yoyote tena, na A imetokea. Saa tano na nusu, na bado inawaka: tunaichukua.