Baba, Nimefungua Daftari Lako la Mahudhurio

Baba yangu,

Shikamoo. Mvua za kwanza zimenyesha hapa Igoma, kaburi lako likaota majani. Jana niliyang'oa kwa mkono. Kwenye chumba cha darasa lako la watu wazima, wazee wa kanisa wameweka magunia ya pamba. Vitabu vyako viko chini ya kitanda changu. Kimoja bado kina ule unyoya wa kuku, pale ulipofika walipokukataza kusoma.

Juzi nilikwenda Mwanza, nikamkuta Nyanzala karibu na gati ya stima, anauza samaki wakavu. Yule mwanafunzi wako, mke wa mzee wa kanisa, aliyemwacha mumewe akavuka ziwa kwenda kwa kaka zake Ukerewe. Unakumbuka mumewe alivyosimama mbele ya watu: "Mwalimu amewasomea hadithi ya mwanamke aliyerudi kwao. Juma la pili mke wangu karudi kwao. Mnataka ushahidi gani tena?" Watu wakaguna, wakakuondoa kwenye ualimu. Kila Jumapili wanasomewa habari za kusamehe, wala sikuona aliyekusamehe. Lakini hadithi moja, ati, imevunja nyumba.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu akisema "hili, kwa hiyo lile", nitafute neno alilolimeza katikati. Siku ile hukulitafuta. Ulirudi nyumbani ukasema, "Labda ni kweli, binti yangu. Nimemponza." Hukusoma tena kwa sauti mpaka ukafa. Hata kwangu mimi.

Nikamwuliza Nyanzala ni maneno gani ya hadithi ile yaliyomgusa. Akacheka.

"Hadithi ipi, mdogo wangu? Juma lile la kabla sijaondoka mzee alinizuia kuja kusoma, niende shambani nikafukuze ndege kwenye mtama. Mimi nilikimbia fimbo yake. Kukimbia fimbo nako kunataka kitabu?"

Baba, hakuna aliyeuliza kama alikuwepo. Si wao, si mimi. Hata wewe, uliyekuwa ukiita majina kila siku. Na mumewe alijua, maana ndiye aliyemtuma shambani.

Daftari nimeliona. Jumapili nitasimama kanisani, niwasomee mstari mmoja tu. Lala salama, Baba. Nitataja siku uliyosoma hadithi ile, nitataja jina la Nyanzala, kisha neno uliloliandika wewe mwenyewe kwa wino wako: hayupo.

Binti yako