Ndege wa Hatua ya Sita

Alhamisi, Aprili 1994

Nimekufa mara kumi na moja pale pale, kwa yule ndege wa hatua ya sita. Nikamwuliza Chepkoech, mwenye video game hapo soko la Chepseon, kwa nini mchezo ulitengenezwa mgumu hivi.

"Mchezo uko na hatua sita tu," akacheka. "Ungekuwa rahisi, ungemaliza kabla chai haijachemka. Halafu ungerudi kufanya nini?"

Nikasema basi, mara moja tu. Kutoka nje, lori la majani chai limeshapita, kikapu changu nilichokiacha mlangoni kiko juani, hakijapimwa, na majani yote yameungua, mekundu.

Mama ameniuliza jikoni, "Leo wamepima kilo ngapi?" Nikajibu kumi na mbili. Kesho ataitisha risiti.

Na bado, Mungu anisamehe, nimeshajua ndege anatokea upande gani.