Jina Langu Halifutwi Kwenye Daftari la Mlimani

Karakana ya Baiskeli ya Baba,
Nyuma ya Posta.
Jumatano asubuhi, kabla bati halijaanza kuwaka.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu, na za kila mtu humu ndani, hata wale wasiojua kwamba nakuandikia. Hujambo? Wifi yangu hajambo, na watoto? Kile kikohozi chako kimekwisha? Ulisema kimepungua, lakini wewe nakujua, hata ukilazwa utasema kimepungua. Nenda ukaonwe na daktari, usinitie wasiwasi bure.

Sisi huku ni wazima. Shemeji yako mzima, ila joto limemshinda, anashinda sakafuni kama gunia na kuniuliza kila saa kama kuna upepo nje. Hakuna. Mpwa wako mzima, kazi yake inaendelea vizuri, na bado anabishana na kila mtu kama nilivyomlea. Mimi pia ni mzima, isipokuwa goti.

Joto la mwaka huu si mchezo. Spana nikiisahau dirishani, nikiishika naungua. Gundi ya viraka inakuwa maji. Siku hizi nafungua karakana saa kumi na mbili asubuhi, nafunga saa tano, halafu nafungua tena saa kumi jioni. Wateja wamezoea, na asiyezoea anatembea kwa miguu.

Barua yako nimeipata. Niliisoma mara ya kwanza nimekaa, mara ya pili nimesimama kwa hasira. Eti niuze baiskeli, ninunue kiti kizuri, nikae kivulini, kwa kuwa miaka hamsini na minane ni umri wa kupumzika! Mdogo wangu, aliyekufundisha kuendesha baiskeli ni nani? Nani alikimbia nyuma yako na gauni amelishika kwa meno, huku ameng'ang'ania kiti ili usianguke? Leo ndiyo umekua wa kuniambia nishuke? Thubutu! Nakupenda sana, lakini kwa hili umenikosa.

Goti lenyewe daktari ameshalipiga picha. Anasema mfupa unasagana na mfupa. Kutembea taratibu ruhusa, kukanyaga pedali kidogo ruhusa, kukanyaga kwa nguvu kupanda kilima marufuku. Nilitoka pale nimenywea. Kupanda kilima ndiyo baiskeli yenyewe, mengine ni kwenda sokoni.

Sasa nikukiri jambo, usicheke. Unakumbuka kile kibao nilichobandika mlangoni, "Baiskeli za betri hatutengenezi"? Nilikibandika kwa mkono wangu, na kwa miaka minne nimewafukuza watu nacho. Nilikuwa nasema betri ni ya wavivu, anayetaka mota anunue pikipiki, tena nilikuwa nayasema kwa sauti ili wateja wengine wacheke. Basi mpwa wako akaniletea nini? Baiskeli ya milimani yenye betri, ya mwenzake kazini aliyehama. Akaiegemeza pale mlangoni, chini kabisa ya kibao changu, akaenda zake bila neno.

Siku tatu sikuigusa. Ya nne nilisubiri shemeji yako alale, nikaipeleka kwenye kile kimlima cha nyuma ya posta. Loo! Nilipanda, goti halikulia, na nilikuwa nakanyaga mwenyewe, jasho linanitoka kama kawaida. Ile mota haikubebi, inakusukuma tu mgongoni kama mtu anayekupenda. Nilirudi nikang'oa kibao. Aliyeniona alicheka, na haki yake.

Sasa tuje kwenye kisa chenyewe. Wewe unakijua, lakini najua wifi atawasomea watoto barua hii, na wao hawajui. Watoto wangu, sikilizeni shangazi yenu. Babu yenu alikuwa fundi wa baiskeli. Miezi ya joto kazi ilipopungua, alianzisha desturi: Jumapili moja kila mwaka, katikati ya joto kali, waendesha baiskeli wote wanapanda mlima hadi kwenye tangi la maji la zamani kule juu. Pale kuna sanduku la bati, ndani yake daftari. Ukifika unaandika jina lako. Hakuna zawadi wala kikombe, ni jina tu. Na kuna sheria moja: ukiweka mguu chini kabla ya tangi, huandiki.

Jina langu limo miaka thelathini na minane mfululizo. Mwaka nilipokuwa na mimba ya binti yangu limo. Mwaka tulipomzika baba limo. Mwaka jana nilipanda na goti hili hili, machozi yananitoka, na limo.

Mwenye daftari siku hizi ni Katibu wa chama chetu, yule mwalimu mstaafu mwembamba kama waya wa gurudumu, tunayemwita Spoku. Jumapili iliyopita alinikuta mahali tunapokutana, mbele ya karakana, akaizunguka baiskeli yangu mara mbili huku mikono ipo nyuma kama anasahihisha mtihani. Akasema, "Fundi, hiyo ni mashine. Panda nayo ukipenda, lakini daftarini huandiki. Marehemu baba yako asingekubali."

Alipomtaja baba, nikamkatiza. Nilimwambia, "Mwalimu, gia yako ya nyuma, ile kubwa kama sahani, nani alikufungia?"

"Wewe."

"Uliniambia nikufungie kwa nini?"

Akainama kuitazama gia. Nikamjibia mwenyewe mbele ya watu wote, kwamba alisema mapaja hayawezi tena. Baba alipanda na baiskeli ya gia moja, ya chuma, nzito kama kitanda. Sasa gia ya Katibu ni nini kama si msaada? Na zile springi za mbele za yule kinyozi tunayepanda naye? Nyani haoni kundule! Nilimpa vipande vyake mpaka koo likanikauka. Tulibishana nusu saa nzima, huyu anasema hiki, yule anasema kile, na jua linapanda.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo fundi hafanyi. Baiskeli nilikuwa nimeiegemeza kwenye ukuta wa bati, juani, na betri yake ni nyeusi tii. Mimi, ninayewaambia wateja kila siku wasiache betri juani, niliiacha ikiiva nusu saa nikiwa naitetea.

Tulianza kupanda. Mpaka kwenye lile jiwe kubwa, theluthi mbili za njia, nilikuwa nakwenda vizuri kabisa, Katibu nipo nyuma yake tu, namsikia anavyohema. Mara taa ndogo kwenye usukani ikawa nyekundu, ikapepesa, ikazima. Mota imejizima kwa joto. Baiskeli yenye mota isiyofanya kazi, mdogo wangu, ni mzigo wa mawe. Nikakanyaga mara nne, ya tano goti likanipiga mshale hadi kiunoni, nikaweka mguu chini.

Walinipita wote. Wengine walinionea huruma, na hilo ndilo lililoniuma. Kinyozi alitaka kunisaidia kusukuma, nikamwambia aende zake. Ardhi ilikuwa inaunguza hadi kwenye soli. Nilijimwagia maji kichwani, nikavuta pumzi, nikapiga moyo konde. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikasukuma. Hatua kumi, napumzika kwenye kivuli cha baiskeli yenyewe, maana kingine hakuna. Hatua kumi tena. Nilikuwa naongea peke yangu kama kichaa, na mengi niliyokuwa nasema hayafai kusomewa watoto.

Nilipofika kwenye tangi walikuwa wameshapumzika. Katibu alikuwa amekaa juu ya sanduku, kalamu mfukoni. Akasema kwa upole, sitamsingizia, "Fundi, mota ni moja. Mguu chini ni mbili. Usijiumize, mwakani utakuja kututazama."

Kututazama! Nikamwomba ainuke. Akainuka, labda kwa jinsi macho yangu yalivyokuwa mekundu. Nikafungua sanduku, nikachomoa ile penseli ninayoiweka sikioni nikiwa kazini, nikaandika jina langu, na chini yake nikaandika: "Nimefika. Kwa betri, kwa goti na kwa kusukuma. Asiyependa na afute." Hakuna aliyefuta. Lakini Katibu ameitisha mkutano Jumamosi ya wiki ijayo, ajenda ni moja tu, kupiga mstari juu ya jina langu na kuzuia betri milele, kwa heshima ya sheria ya marehemu.

Huenda utasema, dada, jina tu, waache wafute. Hata mimi Jumapili usiku nilifikiri hivyo kwa dakika kama mbili. Lakini Jumatatu alikuja muuza maziwa, yule aliyevunjika mgongo, ambaye hajapanda mlima miaka sita. Alijifanya anataka kujaza upepo. Tairi zake zilikuwa zimejaa. Alipoona hakuna mtu, akaniuliza kwa sauti ya chini betri inakaa muda gani. Jana akaja mkunga wa mtaa wa pili, naye kwa swali hilo hilo, naye kwa kunong'ona, kama anayeomba dawa ya aibu. Na mimi ndiye niliyewafundisha aibu hiyo, kwa kibao changu. Kwa hiyo jina langu likifutwa, na yao yamefutwa kabla hayajaandikwa. Sikubali.

Jana jioni nilifungua mtoto wa meza ya baba, ule unaokwama, nikatoa daftari la kwanza kabisa. Miaka mingi sikuwa nimelifungua. Nilikuwa natafuta sheria ya baba ili nione aliisemaje, nijue nabishana na nini. Mdogo wangu, nilikaa chini.

Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, ni mwandiko wa baba, na alama ya dole lake la grisi pembeni. Ameandika jina lake, halafu: "Nimefika. Nimesukuma tangu kwenye jiwe. Jua kali. Nimefurahi sana."

Baba alisukuma! Tangu kwenye jiwe lile lile.

Na chini kabisa ya ukurasa huo, kwa wino mwingine, kwa herufi zilizolala kama zimechoka, kuna sheria: "Kuanzia leo atakayeweka mguu chini haandiki jina." Huo si mwandiko wa baba. Ni wako. Hapo nikakumbuka yote. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Mwaka ule wa kwanza nilisimama kwenye jiwe nikanywa maji, mguu chini, kisha nikakupita karibu na tangi, na watu wakakucheka kwamba umeshindwa na mwanamke. Ulinuna wiki nzima, ukaenda ukaandika sheria. Baba alipoiona alicheka, akaniambia, "Mwache, inamuuma." Tukakuacha. Na mwaka uliofuata wewe mwenyewe uliweka mguu chini mara mbili, ukaandika jina, na mimi nikanyamaza. Nimenyamaza miaka thelathini na saba, hadi mimi mwenyewe nikaja kuamini ni sheria ya baba.

Sikuandikii kukuaibisha. Ulikuwa mtoto, na ningeshindwa mimi, huenda ningeandika mbaya zaidi. Lakini hasira yako ya wiki moja imekuwa dini ya watu wazima, na kwa dini hiyo muuza maziwa ananong'ona karakanani kwangu.

Kwa hiyo hutaniambia niuze baiskeli. Utachukua karatasi leo, umwandikie Katibu mstari mmoja: "Sheria ile ni yangu, niliiweka kwa sababu dada yangu alinishinda." Weka sahihi, kwa herufi zako hizo hizo zilizolala, wafananishe. Daftari nitalipeleka kwa vyovyote vile, na ukurasa nitaufungua mbele ya wote. Ninakupa tu nafasi ya kusema mwenyewe kabla sijakusemea.

Msalimie sana wifi, mwambie ile kofia aliyonitumia ndiyo niliyopandia mlima, na jua halikunipata. Wabusu watoto, mmoja mmoja, na yule mdogo mwambie shangazi anamsubiri na baiskeli ya saizi yake. Shemeji yako anakusalimu kutoka sakafuni. Mpwa wako anasema mjomba aache mambo ya kiti. Mungu akupe afya, akuondolee kikohozi na ukaidi, akuache na huo ukaidi kidogo, maana ni wa nyumbani kwetu.

Barua yako ikifika, vizuri. Isipofika, Jumamosi nitaingia mkutanoni na daftari kwapani, kofia kichwani, na betri nitaiacha kivulini. Baba alisukuma, akaandika jina lake, akafurahi. Mimi ni mtoto wake.

Dada yako anayekupenda kuliko unavyostahili, na ambaye hashuki,

Fundi