Shahidi Wangu wa Tura

Mama,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu najua barua ikianza na shida utasema, "Huyu mtoto kalelewa na nani?" Ulinilea wewe. Na shida yenyewe umeniachia wewe, kwa hiyo tulia nikueleze.

Zuhura ni mjamzito. Mjukuu wako, yule uliyesema kwa jeuri yake hatapata mume, amempata, yuko naye Maskati, na sasa tumbo limemtangulia. Nilimwambia arudi Tabora ajifungulie kwangu kama desturi yetu, lakini daktari wake kamkataza kupanda ndege. Akanipigia simu analia: "Mama, huku nitajifungua na nani?" Nikamwambia, nakuja. Lilinitoka kabla sijafikiri. Nilikumbuka tu ulivyonilea nilipomzaa yeye, ule uji wa pilipili manga, maji ya moto mpaka ngozi inataka kuchubuka, na ulivyokaa mlangoni kwangu kama askari wa benki, wageni wote wanaishia barazani. Nani atamfanyia mwanangu hayo kule?

Basi nikaenda kuomba pasipoti. Wakataka cheti cha kuzaliwa. Na mimi, Mama, sina cheti cha kuzaliwa.

Nilichokuwa nacho ni karatasi, na kila karatasi uliisemea wewe. Cheti cha shule kina mwaka wake, kwa sababu siku ile mwalimu alikuwa anataka watoto wakubwa. Cha ndoa kina mwaka mwingine, kwa sababu ulitaka baba Zuhura aone anapewa kigoli. Kadi ya zahanati sijui hata ulikuwa unawaza nini. Yule kijana wa ofisi ya vizazi, mpole, ana adabu zake, alizipanga mezani akazitazama sana, kisha akaniambia, "Mama, kwa karatasi hizi ulianza shule kabla hujazaliwa." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Na hapo sikumgusia habari za treni. Kwenye treni nilikuwa mtoto wa kupakatwa asiyelipa nauli, mpaka miguu yangu ikawa inagusa sakafu nawe bado umenipakata. "Mkaguzi akija fumba macho, nyonya kidole." Nilinyonya kidole huku najua kusoma.

Kijana akasema ipo njia. Aje mtu mzima aliyekuwepo nilipozaliwa, ale kiapo, aeleze. Nikafikiri. Bibi hayupo, baba hayupo, wewe ndiyo hivyo tena. Na hata bibi na baba wangekuwepo, wangesema nini? Ulikuwa unatoka Dodoma kwa baba, unakuja kwa bibi kujifungua mimba yako ya kwanza, uchungu ukakukuta njiani, wakakuteremsha stesheni ya Tura. Aliyekupokea ni mwanamke wa Kigogo aliyekuwa anawauzia abiria karanga. Bi Nyemo.

Kila treni ikisimama Tura ulikuwa unatoa kichwa dirishani mpaka mabega, unamtafuta. Mkionana tu, matusi. Yeye Mgogo, sisi Wanyamwezi, watani tangu babu zetu walipokuwa wanabeba mizigo kwenda pwani wanapita kwao. "Mpagazi we! Khanga yangu iko wapi?" Nawe unamjibu, "Nimeipigia deki!" Ndiyo ile khanga aliyonifunika nayo siku niliyozaliwa. Uliondoka nayo na hukuirudisha, na mtani akichukua kitu cha mtani wake hakuna kesi. Treni ikiondoka unakaa chini unafuta machozi ya kicheko, una karanga mapajani ambazo sikuona ukizinunua. Nilipokua nami nikawa natoa kichwa changu, namtukana, unanisifu.

Nikapanda treni nikaenda Tura.

Bi Nyemo yupo, Mama. Hauzi tena, anakaa na mwanawe Yohana nyumba inayotazama reli. Mwili umepungua, mdomo uko vile vile. Hata shikamoo yangu hakuiitikia. "Yule mwizi mama yako yuko wapi? Kakutuma wewe kwa sababu ameona haya?" Nilidhani habari za msiba wako zilimfika zamani. Nikasimama pale na kapu langu sijui nianzie wapi, mwisho nikamwambia tu. Aliitazama reli kwa muda. Halafu akasema, "Kwa hiyo ametoroka moja kwa moja na khanga yangu." Tukacheka, kisha tukalia. Yohana akatoka ndani, akakuta tunafanya yote mawili kwa pamoja, akarudi ndani.

Alikubali kuja Tabora. Sasa ungekuwepo ofisini!

Kijana si mtu wa huku, utani wa namna hii kwao hawana. Akamwuliza Bi Nyemo kwa upole kama ananifahamu. "Namfahamu sana. Mwizi, mtoto wa mwizi." Kalamu ikasimama. Akauliza nilizaliwaje. "Alidondoka kwenye treni kama furushi. Nikakimbilia nikidhani ni mtama." Na mimi unanijua, kunyamaza siwezi. Nikamwambia aseme ukweli, aliniokota ili apate mtoto wa kwenda kuombea mjini. Akasimama, nikasimama. Akanionyesha kidole, nikamwonyesha changu. Kijana akaita mlinzi, akanivuta pembeni akaninong'oneza kwa huruma, "Mama yangu, tafuta shahidi mwingine. Huyu ana chuki na wewe, atakuharibia."

Bahati mlinzi ni Mnyamwezi wa Puge. Aliposikia yanayosemwa alicheka mpaka akashika mlango, naye akamtukana Bi Nyemo kidogo, kwa heshima, maana ni mtu mzima. Ndiye aliyemweleza bosi wake kwamba hapa hakuna ugomvi, hapa kuna mapenzi. Kijana akasema sawa, ameelewa, ila kwenye kiapo hawezi kuandika mtama. Anataka maneno ya kawaida. Bi Nyemo akakunja mikono. Yeye hasemi maneno ya kawaida juu ya mtani ambaye hajamuaga. Msiba umempita, kaburi hajaliona, halafu aje kukaa kwenye kiti aongee kama karani? "Nipelekeni kwanza kwa mwizi wangu."

Ndiyo maana ulipata mgeni Alhamisi ile. Najua ulisikia, maana waliokuwa wanasoma dua upande wa pili wa makaburi walisikia. Alisimama miguuni pako, mkono kiunoni, akakwambia ulifika Tura unalia kama mbuzi. Akakwambia babu zako walikunywa maji ya visima vyao bila kulipa, nawe ukaja kumalizia na khanga. Akakwambia ukifikiri huko uliko hatakufuata kuidai, hujamjua. Mimi nilikuwa nacheka huku nimeficha uso kwenye mtandio. Kisha akachuchumaa, akang'oa majani yaliyoota pembeni yako, akasema polepole, "Umeniwahi."

Kesho yake ofisini alisema maneno ya kawaida, na ndiyo niliyoshindwa kuyasikiliza nikiwa nimekaa. Kwamba ulishikwa na homa baada ya kunizaa. Kwamba maziwa hayakutoka. Kwamba Yohana naye alikuwa mchanga, hajakaza shingo, basi akatulaza yeye huku mimi huku, akatunyonyesha wote wawili mpaka ulipopata nguvu ya kupanda treni. Yohana ana cheti cha ubatizo, na kwa hicho ndiyo mwaka wangu ukapatikana. Kijana aliandika bila kuinua kichwa. Alipomaliza akaniambia, "Kumbe una mama wawili."

Mama, mbona hukuniambia? Kwa dini yetu aliyekunyonyesha ni mama yako, na Yohana ni kaka yangu. Umeniacha miaka yote namtukana mama yangu dirishani, nawe unanisifu kwa kutukana vizuri! Nilikukasirikia usiku mzima. Asubuhi nikajua ungenijibu nini. Ungesema, ningekwambia ungemheshimu, na ungemheshimu utani ungekufa, halafu pale Tura tungebaki tunaulizana hali ya hewa.

Cheti nimepata. Kinasema mimi ni mkubwa kuliko nilivyodhani, tena namzidi baba Zuhura. Tangu siku hiyo namdai shikamoo yangu kila asubuhi na hataki kutoa. Anasema lazima ofisi imekosea.

Khanga niliikuta sandukuni kwako, umeikunja vizuri na udi ndani. Hukuwahi kuipigia deki hata siku moja. Nilikuwa nimepanga kumpelekea Zuhura amfunike mtoto, lakini baada ya yale niliyosikia ningeanzaje? Siku Bi Nyemo anarudi nikampa pale stesheni, keshakaa ndani ya behewa. Akaikunjua, akainusa, akasema inanuka Unyamwezi. Akajifunga kiunoni juu ya nguo zake. Treni ilipoanza kusogea akavua ile aliyojitanda, mpya kabisa, akanitupia kichwani. "Hii mfunike huyo mpagazi mdogo. Nimekuazima tu! Mkipita Tura mnirudishie!" Nilipoitoa usoni alikuwa ametoa kichwa dirishani mpaka mabega, anapiga kelele jukwaa zima lisikie: "Mwizi huyo! Mwoneni! Mtoto wa mwizi!" Na mimi nakimbia kando ya behewa kwa miguu yangu hii mibovu, nacheka, nalia, watu wananipisha.

Nasafiri wiki ijayo, Mama. Pilipili manga nimetwanga tayari. Naogopa ndege, nitafumba macho, kidole sitanyonya. Zuhura hatajifungua peke yake, na mlangoni kwake nitakaa kama ulivyokaa kwangu. Wewe pumzika. Majani ya pembeni mwako Yohana ameahidi kuyaangalia akija mjini, ni mwanao kidogo.

Mtoto akishakaza shingo nitawaleta nyumbani, na tukitoka Dar tutapanda treni. Tutasimama Tura. Nitamtoa dirishani, amefunikwa ile khanga, Bi Nyemo aione vizuri.

Na nakuahidi, Mama, haki ya Mungu, sitairudisha.

Mwanao wa Tura,
Nyamizi