Nilivyoitetea Chumvi Mbele ya Mama Mdogo

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, ingawa nakiri mapema kwamba kuomba si kawaida yangu, kwani nimehitimu shahada ya kemia mwezi uliopita kwa daraja la juu, na katika mambo mengi mimi ndiye ninayeombwa.

Mwaka wetu wa mwisho tulipewa kazi ya kikundi: kuchukua suala moja ambalo wanasayansi wanalibishania na kulieleza kwa wananchi wa kawaida, nasi tukachagua chumvi, kwa sababu wataalamu wanakubaliana kwamba ikizidi inadhuru lakini bado wanavutana kuhusu ipunguzwe hadi wapi na kwa nani, na mwenzetu mmoja, dada tunayemwita Rula kwa jinsi anavyopima kila kitu, akapendekeza mabango mawili ya utulivu, nami nikamwambia kwamba utulivu haujawahi kumbadili mtu, tufanye kesi, chumvi iwe mshtakiwa, yeye aishtaki, mimi niitetee, na wananchi watoe hukumu kwa kudondosha punje ya mahindi katika moja ya ndoo mbili mlangoni.

Ukumbi ulijaa. Nilizungumza dakika ishirini bila kudanganya hata mara moja. Kila sentensi yangu ilikuwa na utafiti nyuma yake, na namkaribisha yeyote anayebisha. Nilichofanya ni kufuta tu zile sentensi zinazoanza na "hata hivyo", kwa kuwa zilikuwa zikiipunguzia hotuba mwendo. Rula alinivuta pembeni kabla hatujaanza. "Kaka, hizo ulizofuta ndizo kazi yenyewe." Nikamjibu kwamba wivu haumpendezi.

Chumvi iliachiwa huru kwa punje mia moja na tisa dhidi ya thelathini na moja.

Punje mojawapo ilikuwa ya mama mdogo, mshonaji wa sare za shule, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, mwenye presha ya miaka minane, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akila chakula kisicho na chumvi huku akinung'unika. Aliketi mstari wa mbele, akapiga makofi kabla sijamaliza, na siku hiyo hiyo akairudisha chumvi mezani.

Wiki hii kipimo chake cha presha pale zahanati kimesoma mia moja na themanini na mbili kwa juu. Nikamsihi aiache chumvi.

"Ipi? Ile uliyoitoa jela?"

Nikamfafanulia muktadha.

"Mwanangu, mbele za watu ulipaza sauti, leo unaninong'oneza jikoni. Nishike lipi?"

Nikamwandikia makala ya kurasa kumi na moja, yenye marejeo. Amezitumia kukatia violezo vya kola.

Isitoshe, video ya utetezi wangu imechaguliwa kuonyeshwa kwa wanafunzi wapya, nami nimeiambatanisha na maombi ya kazi ya mhadhiri msaidizi. Swali langu ni hili: kuna njia gani ya kumfanya mama mdogo aache chumvi bila mimi kutamka kwamba nilikosea, kwa kuwa, kimsingi, sikukosea?

Mimi,
Mwenye Hoja

*

Kijana Mwenye Hoja,

Pole. Kumwona aliyekulea akidhurika kwa maneno yako ni mzigo mzito, na ungekuwa mtu asiyejali usingeniandikia. Pole imekwisha; sasa nisikilize.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta neno "samahani", nikakuta "daraja la juu". Unasema kila sentensi ilikuwa kweli. Nakubali. Ukimwelekeza mgonjwa njia ya hospitali ukamtajia kona zote isipokuwa ya mwisho, nawe pia umesema kweli, na yeye amepotea. Mlitumwa kuwaeleza watu kile ambacho wanasayansi bado wanabishania. Wewe ukawatangazia mshindi.

Na usimwite mama mdogo mkaidi. Ameshona sare za watoto wa watu mpaka wa kwake akahitimu. Ulitaka amsikilize nani? Aliyemwamini ukumbini ni wewe, chumvi ilipita mgongoni mwako. Makala yako haikufua dafu kwa sababu kurasa zote kumi na moja zinakutetea wewe.

Leo, kabla hajapakua chakula, mwambie: "Mama, nilikosea. Niliyaacha maneno yaliyokuhusu wewe mwenye presha." Ukomee hapo. Neno "kimsingi" lisikutoke. Akicheka, acha acheke; akikusuta, pokea.

Kisha mtafute Rula. Mwombe radhi kwa lile la wivu, halafu mrekodi video upya, yeye akisoma yote uliyoyafuta. Hiyo ndiyo uiambatanishe na maombi yako, na ile ya zamani ukiombe chuo kiiondoe, hata kama umeipenda sauti yako.

Kipimo ulichonitajia hakisubiri. Akilalamikia kichwa, kifua au macho, ondokeni saa hiyo hiyo kwenda hospitali. Asipolalamika, kesho asubuhi muwe wa kwanza kwenye foleni. Dawa na chumvi ataamua daktari, si wewe wala mimi. Ingia naye ndani. Daktari atauliza ni nani aliyemwambia mama huyu kwamba chumvi haina neno, na mama mdogo, nakuhakikishia, atasema amesahau. Usimwache akufiche. Jibu wewe.